Barua kuhusu mpwa wako na kesi ya ajali

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Nimefarijika kusikia kwamba mahakama imemwachilia mpwa wako katika kesi ya mtoto aliyegongwa na kufa kwa matatu aliyokuwa akiiendesha. Unashangaa kwamba bado hataki kushika usukani, na wauliza kama mwendelee kumwambia kuwa yamekwisha.

Kwa maoni yangu, hakimu alijibu lile aliloulizwa tu. Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwondolea mtu jinai kwa tukio lililotokea kwa ajali, na kwa kuwa uzembe haukuthibitika, dola haina la kumdai. Fidia, ikiwa ipo, ni shughuli ya bima.

Fiqhi yetu imelipambanua jambo hili kwa namna inayonivutia. Aya ya 92 ya Suratun-Nisaa inamtwisha aliyeua kwa kukosea mambo mawili: diya, yaani fidia ya damu, ambayo jamaa wa marehemu wanaweza kuisamehe, na kafara, yaani kitubio mbele ya Mungu, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Katika madhehebu ya Shafi, diya hiyo hubebwa na akila, yaani jamaa wa kiumeni wa muuaji, kwa muda wa miaka 3; lakini kafara ni yake mwenyewe, na wafiwa hata wakisamehe kila kitu, hiyo haimo mikononi mwao. (Kama dereva asiye na uzembe wowote anawajibika nayo, mwulizeni sheikh, kwani wanazuoni wa leo wengi wanaona hapana.)

Ninachokiona humo ni kwamba mzigo wa mali unaweza kupokelewa na ukoo, au siku hizi na bima, ilhali uhusiano wa mtu na kifo kilichopitia mikononi mwake haupokeleki. Utingo naye alikuwa ndani ya matatu ile na alihuzunika, ila tungemwona mpwa wako mtu wa ajabu kama angehuzunika kwa kiasi kilekile cha utingo. Kwa hiyo msimwambie kwamba halimhusu. Hana hatia, lakini si mpita njia.

Najua wakili alimkataza asikanyage matangani, isije ikaonekana amekiri kosa. Kisheria ulikuwa ushauri mzuri, na nadhani ndio uliomwumiza zaidi. Sasa kesi imekwisha. Tumeni kwanza mzee anayefahamika pande zote mbili awaulize wazazi wa mtoto kama wako tayari kumpokea, na wakikubali, fuatana naye wewe mwenyewe, bila bahasha na bila maelezo ya nani alikatiza barabara.

Wako,
Abdalla