Kwa mdogo wangu aliyekataa kuwa Mkwawa

Mdogo wangu,

Mama ameniambia kwamba mwalimu wenu wa maigizo alikupa nafasi ya Mkwawa, ukaikataa. Sababu uliyompa mama ndiyo imenifanya nikuandikie hapa hadharani, maana najua wanaoiamini ni wengi: eti mwanamke akipanda jukwaani akajiita chifu, watu watacheka tu.

Basi nikusimulie habari za Takarazuka, mji mdogo wa mkoa wa Hyogo, Japani, usio mbali na Osaka. Kobayashi Ichizo aliendesha kampuni ya reli iliyoishia hapo, penye chemchemi za maji moto, na alihitaji abiria. Mwaka 1913 akakusanya wasichana wafundishwe kuimba na kucheza. Mwaka uliofuata wakatoa onyesho lao la kwanza katika jengo lililokuwa bwawa la kuogelea. Leo kampuni hiyo ya maigizo, inayoitwa Takarazuka kama mji wake, ina vikundi vitano, Ua, Mwezi, Theluji, Nyota na Anga, na ukumbi unaoingiza watu wapatao 2,500. Kila anayesimama jukwaani ni mwanamke. Napoleon, Lincoln, Kennedy, Che Guevara, Beethoven: wote wamechezwa na wanawake pale, na watu wamelipa viingilio vyao wakaketi wakatoa machozi.

Anayeshika nafasi za kiume huitwa otokoyaku. Hupitia kwanza shule ya muziki ya kampuni kwa miaka miwili, pamoja na wenzake kama 40 tu wa mwaka wake, na urefu na sauti ndivyo huamua kwa kiasi kikubwa nani atacheza mwanamume na nani mwanamke. Akishahitimu bado. Wenyewe husema otokoyaku hukomaa kwa miaka kumi. Miaka kumi ya kushusha sauti, ya kujua namna ya kuketi, kugeuka, kuvua glavu, kusimama kimya mwenzako akiimba! Ndiyo maana hakuna anayecheka. Yule mwanamume amejengwa kiungo kwa kiungo, na watazamaji wanaiona kazi hiyo na kuiheshimu.

Usidhani Wajapani walizaliwa wakikubali jambo hili. Kabuki yenyewe, maigizo yao ya jadi ya kuimba na kucheza, ilianzishwa na mwanamke, Izumo no Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 1629 watawala wakapiga marufuku wanawake jukwaani. Tangu hapo nafasi za kike zikachukuliwa na wanaume. Sasa sikia lililotokea mwaka 1974. Kikundi cha Mwezi kilipoandaa mchezo wa Waridi la Versailles, kutokana na hadithi ya katuni ya Ikeda Riyoko, uongozaji ulikabidhiwa Hasegawa Kazuo, nyota wa filamu aliyelelewa kwenye kabuki akicheza wanawake. Mwanamume aliyefunzwa kuwa mwanamke akawafundisha wanawake kuwa wanaume! Katika mchezo huo Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, na mpenzi wake Fersen ni watu wa historia. Oscar, binti aliyelelewa kama mwana wa kiume hadi akawa kamanda wa walinzi wa malkia, ni wa kubuni. Lakini Oscar ndiye anayefia kwenye ngome ya Bastille, katika mapinduzi ya Ufaransa, upande wa wananchi, na ndiye mashabiki waliyemlilia zaidi. Mchezo ule uliifufua Takarazuka, na hadi leo hurudishwa jukwaani.

Mimi naupenda zaidi mchezo wa Elisabeth, malkia wa Austria aliyechomwa kisu Geneva Septemba 1898, chini ya miezi miwili baada ya Mkwawa wako kufa. Mchezo ulitoka Vienna, na huko mhusika mkuu ni malkia mwenyewe. Kikundi cha Theluji kilipouchukua mwaka 1996, kanuni ya Takarazuka ilitaka otokoyaku awe mbele, kwa hiyo mwongozaji Koike Shuichiro akamfanya Mauti kuwa mhusika mkuu, kijana mzuri wa kutisha anayemfuata Elisabeth tangu utotoni. Kwangu mimi mabadiliko hayo yaliuongezea mchezo nguvu. Kifo hakina jinsia, na mwili wa mwanamke uliovaa uanaume unakionyesha vizuri kuliko ndevu zozote.

Sitaki uione kama pepo. Wasanii hawaruhusiwi kuolewa wakiwa bado kundini. Septemba 2023 msanii mmoja wa kikundi cha Anga alifariki, na Machi 2024 kampuni ikakiri kwamba alinyanyaswa na wakubwa zake, ikaiomba familia yake radhi. Nidhamu ile ninayoisifu imewaumiza watu, na hilo linaniuma kweli. Ukifika mahali pa mazoezi pasipokuheshimu, ondoka. Ila usiondoke kwa kuogopa kicheko.

Kesho mpigie mwalimu wako umuulize kama nafasi bado ipo. Kisha muulize Mkwawa alikuwa na umri gani alipowapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na wewe uanze kufikiria mtu wa umri huo anainukaje kitini mbele ya wazee wake. Nakutumia rekodi ya Elisabeth ya 1996. Ichiro Maki ndiye Mauti. Mtazame hasa pale ambapo haimbi.

Dada yako