Tunalinda magome, nani analinda udongo?

Mhariri,

Kila gazeti linapoandika kuhusu miti shamba, barua za wasomaji hufuata mkondo uleule: wageni wanatuibia mwarubaini, wanatuibia muiri, wanatuibia msokonoi. Mwarubaini wenyewe ni mgeni kutoka Bara Hindi, lakini hilo tuliache. Kuhusu muiri, hofu ina msingi. Gome lake lilibanduliwa kwa miaka mingi likapelekwa Ulaya kutengenezewa dawa za tezi dume, mpaka mwaka 1995 mti huo ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES ili biashara yake idhibitiwe.

Ninachopinga ni ile imani kwamba dawa hukaa kwenye majani na magome tu. Mimi ni mfamasia hapa Ruiru, na dawa mashuhuri kuliko zote zilizowahi kutoka mji huu ilitoka kwenye udongo wa shamba la kahawa. Mwaka 1970 watafiti wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani, waliokuwa wakichunguza vijidudu vya udongo kutafuta dawa, walipata humo bakteria wa jenasi ya Actinoplanes. Wakampa jina la maabara, SE50.

Bakteria huyo hutengeneza kemikali inayozuia vimeng'enya vya utumbo mwembamba, vile vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kemikali hiyo ndiyo akabosi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990 kwa jina Glucobay. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili huimeza pamoja na tonge la kwanza, na sukari ya chakula huingia kwenye damu polepole badala ya kwa kishindo. Shida yake wenye kuitumia wanaijua: wanga ambao haukuvunjwa huteremka hadi utumbo mpana, ukachachuka, tumbo likajaa gesi. Kwa mla ugali na maharagwe hilo si jambo dogo, na wapo wanaoiacha kimyakimya bila kumwambia daktari. Uchina, hata hivyo, imekuwa mojawapo ya masoko yake makubwa.

Bakteria wa ukoo huo, SE50/110, anatunzwa Marekani katika hifadhi ya vijidudu iitwayo ATCC, kwa nambari 31044. Mwaka 2012 mfuatano mzima wa jeni zake ulichapishwa, herufi zaidi ya milioni 9. Hapa Ruiru tunasifika kwa kahawa, mawe ya kujengea na foleni za magari.

Je, tuliibiwa? Najua wengi wangependa niseme ndiyo. Lakini mwaka 1970 hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Mkataba wa Bayoanuwai, uliozipa nchi mamlaka juu ya rasilimali zake za kijenetiki, yaani viumbe na jeni zake, ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana manufaa ilianza kutumika mwaka 2014. Hakuna kati ya hiyo miwili iliyoandikwa ili kufukua mambo ya 1970. Tena hata kujua tu unachokitoa si kinga. Mwaka 1949 daktari mmoja Mfilipino, Abelardo Aguilar, aliitumia kampuni ya Eli Lilly udongo wa mkoa wake wa Iloilo. Kutokana na udongo huo kikapatikana kiuavijasumu kiitwacho erithromaisini, kikauzwa kwa jina Ilosone, lililotokana na jina la mkoa wenyewe. Dkt Aguilar hakupata mrabaha wowote. Alikuwa msomi, na alijua vizuri alichokipeleka.

Kwa hiyo kilio cha kuibiwa kinanichosha kidogo, si kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa kinatupumbaza tusiulize kazi yetu wenyewe tumeifanyaje. Angalieni Ziwa Bogoria. Vijidudu vinavyostahimili maji yake ya moto na magadi vilichukuliwa, na vimeng'enya vyake vikaishia kwenye viwanda vya sabuni na vya kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilisimama kudai haki. Mwaka 2007 shirika hilohilo likatia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii yakihusisha mafunzo na ujuzi wa maabara. Binafsi naona makubaliano hayo yalitufaa kuliko kelele zote zilizoyatangulia, kwa sababu mtu aliyefundishwa kumtenga bakteria na kumtambua hawezi tena kupitwa na kitu kilicho chini ya miguu yake.

Mfano mzuri zaidi uko karibu. Mwaka huohuo wa 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha icipe jijini Nairobi, kuchunguza wadudu kwa sayansi ya hapahapa. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2020, watafiti wa kituo hicho na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walitangaza kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, kilichopatikana ndani ya mbu wa pwani za Ziwa Victoria. Mbu mwenye kijidudu hicho hambebi kimelea cha malaria, na mbu jike hukirithisha watoto wake. Bado si tiba wala kinga ya kupelekwa vijijini. Ila kilipatikana Kenya, na jina la taasisi iliyoko Kasarani liko kwenye ugunduzi huo.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Jani likichumwa, tuna pa kuliweka. Hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoko Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ilianza mwaka 1902 na ina vielelezo vinavyokaribia milioni moja. Jani likishakauka na kubandikwa kwenye karatasi hukaa miaka mia bila kudai kitu. Bakteria hakai hivyo. Anataka agandishwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri au akaushwe kwa baridi ndani ya chupa isiyoingiza hewa, afufuliwe kila baada ya muda kuonekana kama yu hai, na awe na jenereta ya kumlinda stima inapopotea. Anataka pia fundi anayelipwa mshahara mwaka hadi mwaka, hata miaka ambayo hakuna mfadhili. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mkusanyiko wa bakteria wa mizizi ya jamii ya kunde ulioanza miaka ya 1970, na ndio uliozaa Biofix, mbolea ya vijidudu inayotumiwa na wakulima wa soya na maharagwe. Kwa hiyo kazi hii tunaiweza. Ila huo ni wa kilimo, na mahitaji ya hospitali ni mengine. Viuavijasumu vingi tulivyo navyo vilitokana na bakteria wa udongo, na usugu wa vimelea unavimaliza nguvu kimoja baada ya kingine. Naliona hilo dukani kila wiki, katika maagizo ya daktari yanayorudi kubadilishwa.

Wapo watakaosema mkataba mpya uliopitishwa Geneva mwezi Mei 2024 utatuokoa, kwa kuwa utamlazimu mwombaji wa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kutaja nchi ilikotoka rasilimali ya kijenetiki. Ni hatua njema. Lakini atataja tu anachokijua, na sisi tutamkosoa kwa rekodi gani? Isitoshe, siku hizi si lazima mtu abebe udongo. Mfuatano wa jeni ukishawekwa mtandaoni, maabara ya ng'ambo inaweza kutengeneza jeni hizo bila kukanyaga Kiambu. Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025 ili kampuni zinazotumia taarifa hizo zichangie, unategemea hiari yao.

Kanuni zetu za mwaka 2006 zinataka anayepewa kibali cha kuchukua rasilimali za kijenetiki aache nakala ya sampuli kwa taasisi husika. Ni kanuni nzuri, na wanafunzi wetu wa uzamili wanaijua vizuri kwa jinsi wanavyozungushwa kutoka ofisi hadi ofisi wakitafuta vibali. Naomba NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itumie ukurasa huu kutujibu maswali matatu. Tangu kanuni hizo zianze, ni vibali vingapi vimetolewa kwa ajili ya udongo, maji na vijidudu? Nakala za sampuli hizo ziko katika jokofu la nani? Na ni ngapi kati yake ambazo bado zina uhai?

Mfamasia,
Ruiru, Kaunti ya Kiambu