Barua ya wazi kwa vijana wa kijiweni Ngamiani

Wajukuu zangu wa kijiwe cha Barabara ya Kumi na Mbili,

Asalaam aleikum, na kwa wale ambao salamu yenu ni nyingine, habari za tangu juzi.

Alhamisi niliondoka pale nikaacha kahawa nusu kikombe, na nimesikia mnasema babu kanuna. Sikununa. Yule fundi baiskeli wetu alipochomoa mfukoni karatasi yake ya makadirio ya kodi, imekunjwa mara nne na ina alama ya dole gumba lenye grisi, akaniuliza mbele ya watu wote, "Babu, nyie enzi zenu za viwanda mlikuwa mnalipaje?", nilikosa la kumjibu. Nilikuwa fundi mitambo kiwandani tangu 1975 hadi 1992. Miaka 17 nimekatwa kodi kila mwezi, na haikutokea siku hata moja nikajua nimekatwa shilingi ngapi. Nilitoka pale kwa haya. Sasa nimekaa nalo swali, na majibu nayaandika hadharani kwa sababu najua hata vijiwe vya Makorora na Mabawa karatasi kama ile zinazunguka.

Mmechoka kusikia kwamba Tanga ilikuwa Tanga, na mna haki ya kuchoka. Lakini hebu nivumilieni kidogo. Saa nane mchana king'ora kikilia, zamu moja inatoka na nyingine inaingia, baiskeli zilikuwa zinajaa barabara hadi magari yanasubiri. Kulikuwa na mbolea, chuma, mbao, sabuni, plastiki, na nyuma ya vyote hivyo mkonge. Mkonge ndio uliokuwa mama. Uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893. Vikonyo vya kupandia alivyoagiza toka Florida vilikuwa elfu moja, vilivyofika vikiwa hai 62, vikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka 1964 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Baba yangu mwenyewe alikuja huku kama manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, na hadi anakufa alikuwa anasikia masikioni muungurumo wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000.

Mnapenda kubishana nani aliua viwanda. Mmoja anasema serikali, mwingine anasema wawekezaji, na yule wa bajaji ya bluu anasema wazee wenyewe tuliiba. Tuliiba kweli, baadhi yetu. Nimeona beringi zinatoka getini ndani ya kopo la chakula. Lakini beringi haiui kiwanda. Mkonge uliuawa na kamba ya nailoni, ambayo haikuwa na haja ya shamba wala manamba. Mbolea tulikuwa tunaitengeneza kwa malighafi inayokuja na meli. Fedha za kigeni zilipokauka, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupaa, tukabaki na mtambo mkubwa na tumbo tupu. Mimi nimekaa wiki sita nasubiri kipuri kimoja kutoka Ulaya, nalipwa mshahara kamili kwa kufagia. Mnadhani pesa ile ilitoka wapi? Kisha ukaja ubinafsishaji, na hapo nimeona kwa macho yangu mashine nzima, tena inayozunguka, inakatwa kwa gesi na kuuzwa chuma chakavu kwa kilo.

Sasa tazameni vilivyobaki. Saruji ya Pongwe ilianza 1980 na moshi wake bado mnauona. Kwa nini? Kwa sababu jiwe la chokaa tumelikalia; ni lile lile mnalokwenda kupiga nalo picha mapango ya Amboni. Maziwa ya Tanga Fresh yalianza miaka ya 1990 na yananywewa hadi Dar, kwa sababu ng'ombe wako hapa hapa, kwa wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu. Kilichokuwa kinakula cha hapa kimepona. Mtu akija kuwaambia habari za kazi mpya, la kwanza kumuuliza ni malighafi inatoka wapi.

Na hilo linanileta Chongoleani, maana najua nusu yenu mnalala mnaota bomba la mafuta ghafi. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na mwisho wake ni kwetu. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, na tangu siku hiyo nimekuwa nawasikia mkisema "bomba likifika". Aliyepata kazi ya kuchomelea au kuendesha mtambo, alhamdulillahi, afanye. Ila bomba likishafukiwa halina haja ya mchimbaji. Kazi ya ujenzi ina mwisho ulioandikwa tangu siku ya kwanza, na mwenye akili anaiingia ili atoke na cheti na ujuzi. Bandari nayo ni hivyo hivyo. Zamani meli ilitia nanga nje, mzigo ukaletwa na matishari, na kila tishari lilikuwa na makuli wake. Leo kuna gati la mita 450 lenye kina cha mita 13, meli inafunga yenyewe. Mzigo unaongezeka, lakini migongo inayohitajika inapungua. Wanaohitajika ni fundi wa kreni, fundi umeme, dereva wa lori mwenye leseni safi, karani wa forodha anayejua kompyuta. Chuo cha ufundi cha VETA kipo mjini hapa hapa. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu anapanda basi Kange kwenda kulala wanne chumba kimoja Mbagala, Dar, kabla hajaulizia ada ya VETA. Tanga tuliiita Waja Leo Waondoka Leo tukiwasema wageni. Siku hizi wanaoondoka ni nyinyi.

Sasa niwasimulie habari ya kopo.

Kiwanda changu, sitakitaja, kilipofungwa, tuliambiwa tusubiri stahili zetu. Tukasubiri. Miezi ikawa miaka, tukawa tunakutana chini ya mkungu kila Jumamosi, tunachangishana nauli ya kumtuma mtu Dar. Ikaja kubainika kwamba makato yetu ya akiba ya uzeeni, kwa miaka kadhaa, yalikatwa kwenye mishahara lakini hayakufikishwa yalikotakiwa. Kila mtu akaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani? Karatasi za mshahara mimi nilizitumia kuwashia jiko la mkaa. Wengi tulifanya hivyo. Lakini kulikuwa na mgosi mmoja wa Muheza, mtu wa kimya, hata kucheza bao hachezi. Huyo alikuja na kopo la biskuti, lile la bati lenye picha ya maua, akalifungua mezani. Karatasi zote, mwezi kwa mwezi, zimefungwa kwa singa ya mkonge kila mwaka fungu lake. Yeye alilipwa. Mimi nilipata sehemu ndogo sana, na nimezeeka nikitengeneza pampu za watu.

Ndiyo maana nawaambia, mkipata kibarua kwa mkandarasi yeyote, wa bomba au wa bandari, daini karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na mshahara uje na maelezo ya kilichokatwa. Kodi ya mshahara haikatwi kwenye shilingi 270,000 za mwanzo kwa mwezi, basi ukiwa unalipwa 250,000 na unaona mstari wa kodi, uliza ni kodi gani hiyo. Michango ya akiba ya uzeeni ya NSSF nendeni mkaangalie kama imeingia, msiamini maneno ya msimamizi. Na ukiachishwa kazi kwa namna unayoona si halali, una siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sisi tulikaa chini ya mkungu miaka.

Turudi kwa fundi baiskeli. Kwenye karatasi yake imeandikwa 100,000, naye anasema amekomolewa. Baadaye nilimfuata nikamuuliza anauza kiasi gani kwa siku. Akasema, "Inategemea, babu." Nikamuuliza jana aliuza kiasi gani. Akacheka. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hana kodi ya mapato ya kulipa. Akivuka hapo hadi milioni 7, bila kumbukumbu, anatozwa 100,000 hata akiwa amevuka kwa shilingi mia. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4 peke yake. Nilichukua kijiti nikapiga hesabu kwenye mchanga. Tuseme anauza 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,680,000. Kilichozidi ni 680,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 20,400.

Alikaa kimya. Kati ya 20,400 na 100,000 kuna daftari la shilingi elfu moja na kalamu.

Simaanishi kodi yenyewe ni ya haki. Inahesabiwa kwenye mauzo, haijali kama umepata faida au umekula mtaji, na kwa mtu anayenunua spea kwa 12,000 akauza 15,000 hilo si jambo dogo. Mkisema hilo kwenye mkutano, mimi nitakuwa nyuma yenu. Lakini ukibishana mikono mitupu, anayekukadiria atakuangalia kibanda, ataangalia na simu uliyoshika, kisha ataandika anachoona. Daftari liwe na tarehe, ulichouza, ulichonunua, na risiti zibandikwe nyuma. Baada ya hapo nendeni wenyewe ofisi ya kodi. Namba ya mlipakodi inatolewa bure, na bado mmoja wenu alimpa kishoka 30,000 kwa kumfanyia "mpango". Ile 30,000 ingelipa kodi ya fundi na chenji ikabaki.

Kuna wanaosema, kwa nini tusumbuke, usiku kuna sukari na mafuta yanashuka bandari bubu, unabeba magunia matatu unapata ya wiki. Nayajua. Nimezika mtoto wa jirani aliyezama na mzigo huo. Sina zaidi.

Na kwa kuwa nasema juu ya kodi, nijiseme na mimi. Mnajua kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Ni kodi ya mwenye nyumba. Nina mpangaji chumba cha uani, dada anayekaanga mihogo, na mita iko kwake. Karibu miaka miwili alikuwa ananilipia na mimi nimenyamaza, nikijifanya sijui. Siku moja akaniletea ujumbe wote wa LUKU ameunakili kwenye daftari la mwanawe wa darasa la tatu, kila mwezi na kiasi chake, chini amepigia mistari miwili. Hakusema neno ila "Shikamoo babu." Nilimpunguzia kwenye kodi ya chumba pesa yote aliyonilipia, na tangu hapo nikipita mihogoni naongezewa pilipili bila kuomba. Mnaona daftari lilivyofanya kazi, tena dhidi ya mzee wenu.

Daftari hilo hilo linafaa kuulizia kule juu. Kila mnunuzi wa sukari au sabuni analipa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndani ya bei, hata asiye na kazi, kwa hiyo asije mtu kuwaambia nyinyi si walipakodi. Halmashauri ya Jiji inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, ikarejeshwa 2024. Mwulizeni diwani ni vikundi vingapi vya vijana wa kata yetu vimepata, na vinafanya nini. Mwulizeni kwenye mkutano wa mtaa, kwa sauti ya kawaida, mmoja akiandika majibu. Sisi tulikatwa kimya kimya, na kwa kuwa hatukujua tunatoa nini, hatukuuliza kinakwenda wapi. Taa za barabara zilipozimika tulidhani ni mipango ya Mungu.

Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa pale pale, karibu na mzee wa kahawa. Fundi baiskeli nimemwambia aje na daftari lake la siku tisa hizi. Jana alinipitia kuuliza kama spea ya baiskeli aliyompa shemeji yake bure nayo inaandikwa. Inaandikwa. Wengine njooni na chochote mlichonacho, hata kama ni karatasi za LUKU. Kahawa nalipa mimi. Kashata kila mtu ajinunulie.

Babu yenu, fundi mstaafu,
Ngamiani, Tanga