Kikao cha Alhamisi kimesogea Jumamosi

Habari zenu wapendwa,

Kikao chetu sasa ni Jumamosi saa 2 usiku, kwa simu ya video hapahapa kundini. Mniwie radhi, wanne kati yetu wana zamu Alhamisi.

Mada haijabadilika: utafiti wa mwanaanthropolojia Charles Briggs na daktari Clara Mantini-Briggs kuhusu kipindupindu katika delta ya Orinoco, Venezuela, 1992–1993. Walikufa watu takriban 500, wengi wao Wawarao, wenyeji wa asili wa delta hiyo. Someni kwa makini habari ya kaa: maofisa na magazeti walilaumu ulaji wa kaa na "mila" za watu, huku uhaba wa maji safi na huduma za afya ukiachwa pembeni. Hapo mimi nilirudia kusoma mara mbili.

Tafadhali:
1. Kila mmoja alete tangazo moja la afya alilosikia redioni au kutumiwa kwenye simu. Sauti ni bora kuliko picha.
2. Sikilizeni nani anaongea na nani anaambiwa tu.
3. Nani ataandika muhtasari? (Wa mwezi uliopita apumzike jamani.)

Jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Kimya sitakihesabu.