Mgao wa maji Goma utangazwe kwa avenyu na kwa saa

Bwana Mhariri,

Gazeti lako limechapisha wito unaotutaka sisi wakaaji wa Goma tupunguze maji tunayotumia nyumbani mpaka hali itakapotengemaa. Mimi nafundisha hesabu katika shule moja ya msingi ya huku Ndosho, na nyumbani kwangu tunakula watu wanane, kwa hiyo kabla ya kukasirika nilifanya kile ambacho huwaambia wanafunzi wangu wafanye: nilichukua chaki nikahesabu.

Siku ya kawaida nyumba yetu inatumia bidoni sita za lita 20. Mbili ni za kunywa na kupikia. Moja inaosha vyombo na mikono. Mbili zinaogesha watu wanane, wadogo wakioga wawili wawili katika beseni moja. Ya sita ni ya kufulia, na maji yake hayamwagwi: yakitoka kwenye nguo yanapiga deki, na yanayobaki yanaishia chooni. Jumla ni lita 120, yaani lita 15 kwa kila kichwa, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukikadiria kwa watu waliokimbia vita na kulala chini ya mahema. Mimi sijakimbia, nina nyumba ya mbao na mabati, na nina kazi yenye mshahara, ingawa habari za mshahara ni barua nyingine. Ningependa aliyeandika wito ule aniambie, katika bidoni hizo sita, ni ipi niipunguze.

Nadhani wito wa namna hii umeazimwa kutoka miji mingine yenye shida isiyofanana na yetu. Cape Town, huko Afrika Kusini, baada ya miaka mitatu mfululizo ya mvua chache, mabwawa yake yalipungua kiasi kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkaaji aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na nyumba zilizozidisha zilitozwa faini au kufungiwa kifaa cha kubana maji kwenye mita. Dunia nzima iliwahurumia, na walistahili kuhurumiwa. Lakini lita 50 ni bidoni mbili na nusu kwa mtu mmoja. Kwa familia yangu zingekuwa bidoni ishirini kwa siku, na siku watakayotuwekea kikomo hicho huku Ndosho nadhani tutachinja kuku.

Tofauti kubwa zaidi ni chanzo cha uhaba wenyewe. Cape Town ilikosa maji bwawani, kwa hiyo kila lita iliyookolewa jikoni ilibaki bwawani ikisubiri kesho. Sisi tunakaa kando ya Ziwa Kivu, ziwa lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 na kina kinachopita mita 400, na hakuna aliyewahi kuliona limekauka. Kinachotukosesha maji ni mteremko, umeme na mabomba. Uso wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kutoka pale mji unapanda kuelekea volkano ya Nyiragongo, hivi kwamba maji yanayofika Majengo, Katoyi au kwetu Ndosho yamesukumwa na pampu ya umeme kupanda mlima kabla hayajafika kwenye robine, yaani bomba la kuchotea. Umeme ukikatika, pampu zinanyamaza. Tuliliona hilo mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, ambapo mji mzima ulikaa bila umeme na bila maji, na watu wa kartie (mitaa) za juu wakashuka ziwani na vyombo vyovyote walivyokuwa navyo, hata ndoo za rangi.

Wageni hutuuliza kwa nini hatuchimbi visima, na jibu liko chini ya miguu yao. Tumejenga juu ya lava. Mvua inanyesha sana hapa, lakini maji yanazama kwenye mawe ya volkano kama yanavyozama kwenye chujio, ndiyo maana mji huu mkubwa hauna hata kijito kimoja kinachokatiza ndani yake, na kuchimba katika mwamba ule ni kazi ngumu na ya gharama. Tuna koo moja tu, nalo ni ziwa pamoja na mabomba yanayotoka humo. Volkano ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama kabla ya kuingia katikati ya mji, lakini ilikuwa imekwisha kuharibu mabomba na tangi kubwa upande wa Buhene, na takriban watu nusu milioni walikosa maji. Ziwa halikuwa limepungua hata tone.

Sisemi kwamba kutumia maji kwa uangalifu ni upuuzi. Lita ninayoiacha inaweza kumfikia jirani aliye mwisho wa bomba, ikiwa bomba letu na lake yanapata maji saa ileile. Lakini nani anajua saa hiyo? Hapo ndipo penye kisa cha barua hii. Mgao tayari upo Goma, tena mkali kuliko wa Cape Town, ila hakuna aliyeutangaza. Maji yanakuja kwetu usiku mmoja kati ya mitatu, wakati mwingine usiku mmoja kati ya mitano, na anayeyafungulia ndiye pekee anayejua ni usiku upi.

Niruhusu nieleze usiku huo ulivyo. Robine ya avenyu yetu iko kwenye kona, na kuanzia jioni bidoni za njano zinapangwa pale mstari mmoja, kamba ikiwa imepitishwa katika vishikio vyake ili isiwepo ya kuruka zamu. Kila nyumba ina alama yake. Yangu ina kitambaa chekundu cha sare ya zamani ya mwanangu. Watoto wanaachiwa kulinda. Kisha, labda saa nane za usiku, robine inakohoa: inatoa hewa kwanza, halafu maji ya rangi ya kutu, halafu maji yenyewe, na mtoto anakimbia akigonga madirisha. Kuna usiku ambapo robine inakohoa tu, ikanyamaza. Asubuhi yake naita majina darasani na najua, kabla sijainua macho kwenye daftari, avenyu zipi zilikesha. Kuna msichana mmoja wa darasa la tano, hodari wa hesabu za sehemu, ambaye siku hizo hulala juu ya dawati saa tatu asubuhi, shavu limebandika kwenye ubao wake mdogo. Nilikuwa namwamsha. Sasa ninamwacha alale mpaka mapumziko.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaosimamia maji ya mji huu ni hili: mgao utangazwe, kwa avenyu na kwa saa. Si kwa komini, yaani sehemu kubwa ya mji, kwa sababu komini ya Karisimbi ni kubwa mno na kusema "Karisimbi itapata maji wiki hii" ni sawa na kutosema kitu. Nairobi, ambayo nayo haitoshelezwi na bwawa la Ndakaini, ilianza mwaka 2017 mpango wa kugawa maji kwa zamu na kuchapisha ratiba inayoonyesha kila mtaa utapata siku zipi. Watu wa Nairobi wanalalamika kwamba ratiba haifuatwi sawasawa, na nawaamini. Lakini angalau wana karatasi ya kulalamikia.

Nitajibiwa kwamba hapa umeme haueleweki, na ratiba itakayovunjwa kila juma ni bora isiwepo. Sikubaliani. Umeme ukikatika saa nne usiku, mtu wa pampu anajua saa nne hiyohiyo. Wakuu wa avenyu na viongozi wa nyumba kumi wana simu, redio za hapa zinasikika mpaka Sake, na ujumbe wa maneno sita, "leo hakuna, subirini kesho saa moja", ungewarudisha kitandani mamia ya watoto. Sisi tumezoea kukosa. Kinachotumaliza ni kusubiri tusichokijua.

Ratiba ikishakuwepo, ndipo tuzungumzie vizuizi, na vizuizi vianzie kwa wenye cha kuzuiwa. Yako maeneo ya kuoshea magari ambako mpira haufungwi tangu asubuhi. Ziko sehemu za kufyatua matofali ya saruji zinazotumia maji safi wakati maji ya mvua yangetosha. Na ziko nyumba kubwa, na baadhi ya hoteli, zenye pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la barabarani, ambayo huyafyonza maji yote yanayopita hadi matangi yao yajae. Pampu hizo zina ubaya wa pili usioonekana: bomba likifyonzwa, au likikaa tupu siku tatu, uchafu wa nje huingizwa ndani kupitia kila ufa. Ndiyo maana bidoni ya kwanza baada ya ukimya mrefu haifai kunywewa. Sisi tunaitenga kwa ajili ya sakafu, na nawashauri wengine wafanye hivyo.

Jambo hili la uchafu haliwezi kupitwa haraka katika mji unaoijua kolera kama unavyomjua jirani. Wenye umri wangu wanaukumbuka Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika hapa, mawe yakakataa kuchimbwa vyoo na hata makaburi, na makumi ya maelfu wakafa katika majuma machache. Robine zikikauka, watu huchota maji ziwani, kando ya wanaofua na wanaooga. Pale ufukweni panakuwepo wakati mwingine vijana wenye sindano ya plastiki isiyo na ncha, wanaotia kipimo cha klorini katika kila bidoni kabla haijapakiwa kwenye chukudu, skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na kuwaambia wateja wangoje nusu saa kabla ya kunywa. Kazi yao huonekana ndogo. Mimi ningeanza kulipa mishahara yao kabla ya kuchapisha mabango ya kutuhimiza tubane matumizi, na ningehakikisha wapo kila siku, sio wakati wa mlipuko peke yake.

Neno moja kuhusu mvua, kwa kuwa nimekwisha kushika chaki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la darasa langu lina mita 60 za mraba hivi. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inaliletea lita 1,200, yaani bidoni 60, na zote zinamwagika uani kwa sababu hatuna mfereji wala tangi. Maji hayo nisingewapa watoto wayanywe, maana hapa mvua inaweza kupita katika moshi na majivu ya volkano na kubeba floraidi nyingi, lakini vyoo vya shule na deki havina haja ya maji yaliyopandishwa mlima kwa umeme. Tangi moja kwa kila shule lingeondoa bidoni nyingi kwenye mstari wa usiku.

Katiba yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ibara ya 48, inataja haki ya kupata maji ya kunywa. Siidai yote kesho. Nadai saa.

Bwana Mhariri, ukurasa wako wa mwisho hutuambia kila siku bei ya dola. Chini yake pana nafasi ya mistari kumi hivi ambayo mara nyingi mnaijaza kwa salamu za sikukuu. Wanaosimamia maji wakikubali kuwaletea majina ya avenyu na saa zake, nakuomba uyaweke hapo. Nitaukata ukurasa huo kwa wembe na kuubandika kwenye mlango wa darasa la tano.

Wako,
Mwalimu na mama wa nyumba ya watu wanane,
Ndosho, Goma