Risala ya Kikundi cha Mama Lishe na Mafundi wa Kazi za Mikono wa Jirani na Viwanja vya Sabasaba kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mazito na kuja kutusikiliza.

Kikundi chetu kiliundwa na akina mama wanaopika na vijana wanaoshona, kusuka na kuchonga kando ya Barabara ya Kilwa, jirani na viwanja vya Mwalimu Nyerere, vinapofanyika maonesho ya biashara ya Sabasaba kila mwaka hapa Temeke, Dar es Salaam. Kimepiga hatua kubwa za kujivunia: kimesajiliwa, kina akaunti benki, na kimenunua meza, viti na turubai kwa fedha zake chenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio hayo yote ni matunda ya Sabasaba. Mwishoni mwa Juni nchi nzima huhamia Temeke. Vyumba hupangishwa, bodaboda hazilali, na sufuria zetu haziondoki jikoni. Katikati ya Julai mabanda hufungwa, nasi hurudi kupanga bidhaa kwenye vumbi la barabarani.

Miji mingine imetumia maonesho kujijenga. Faida ya maonesho ya London ya mwaka 1851 ilinunua ardhi ya South Kensington, ambako makumbusho na vyuo vilijengwa. Paris ilifungua njia yake ya kwanza ya treni ya chini ya ardhi mwaka 1900, maonesho yakiendelea. Lisbon, mwaka 1998, iliyaweka maonesho kwenye eneo la viwanda chakavu kando ya mto Tagus, na leo pale pana makazi, ofisi na kituo kikubwa cha treni. Dubai ilipofunga maonesho yake Machi 2022, metro iliyopelekwa huko iliendelea kubeba abiria. Hatujilinganishi na miji hiyo kwa fedha. Tunachokishika ni kwamba Lisbon na Dubai ziliamua matumizi ya baadaye kabla ya kufungua lango.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: soko dogo la kudumu, lenye paa, maji na vyoo, ndani ya viwanja hivi au ubavuni mwake, tufanye biashara mwaka mzima. Wateja wapo, kwani barabara ya mabasi yaendayo haraka ya kwenda Mbagala inapita hapa hapa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilipokea kwenye jukwaa kama hili na kupigiwa makofi. Tuliagizwa tuandike andiko, tukaliandika. Tukaagizwa tulete mchoro, tukachangishana na kumlipa mchoraji. Kisha tukaambiwa tusubiri bajeti, na bajeti zimesomwa na kupita huku akina mama wakiendelea kuosha vyombo kwa maji ya madumu na kuomba hifadhi ya choo kwenye nyumba za watu. Hatusemi haya kwa kumlaumu yeyote, bali tungependa uelewe kwa nini wanachama wetu kadhaa hawakuona sababu ya kuhudhuria leo.

Nakala za andiko, mchoro na barua zote zimo kwenye faili utakalokabidhiwa pamoja na risala hii. Ahadi tunazo za kutosha. Tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa ututajie, kabla hujaondoka, ni nani atakayelishughulikia faili hilo na ni lini atatujibu kwa maandishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.