Betri mbili botini, na bado alfajiri mashine haiwaki

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Katonga, huku Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, alishusha betri mbili kutoka kwenye bodaboda, akazipanga mbele ya mlango wa duka letu na kusema, "Nipeni ya tatu." Ya kwanza ilikuwa inamzimikia ziwani, akaongeza ya pili. Sasa zinalala zote mbili usiku mmoja, na alfajiri kijana wake anavuta kamba ya mashine mpaka viganja vinachubuka, dagaa wamejaa botini na jua linapanda.

Hatukumuuzia ya tatu. Tulimuuliza ameziunganishaje, akajibu kama wanavyojibu karibu wote wanaoleta shida hii: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, basi. Ukiunganisha hivyo huna betri mbili, una betri moja kubwa. Taa za kuvutia dagaa zinanyonya kote kuwili usiku kucha, na ukigusa selfu, yaani kiwashio cha umeme cha mashine, saa kumi na moja alfajiri hakuna upande uliobaki na nguvu. Tena betri iliyochoka huinyonya nzima. Hata boti ikiwa imefungwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, taa zote zimezimwa, ile mbovu inaivuta nzuri taratibu mpaka zote ziwe hali moja.

Enzi za karabai ugomvi huu haukuwepo. Mafuta ya taa yakiisha, taa inazima, mashine haina habari. Taa za LED zimeturahisishia kazi, lakini zimeleta taa na mashine kwenye sahani moja.

Dawa ni kila mmoja ale sahani yake. Betri ya mashine iwe ya mashine tu: kuwasha, kisha inapumzika. Hii inaweza kuwa betri ya kawaida ya gari, kwa sababu imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Betri ya taa, redio na kuchaji simu iwe ile yenye bamba nene, kama zinazouzwa kwa ajili ya sola, inayovumilia kutolewa umeme polepole usiku kucha. Ukiipa betri ya gari kazi ya taa, miezi michache tu utaanza kuilaani, na kosa si lake.

Kuzitenganisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni swichi kubwa ya mkono yenye alama ya moja, mbili, zote na zima. Ni rahisi na haiharibiki ovyo, ila inategemea kumbukumbu ya mtu aliyekesha. Akiisahau kwenye "zote", mmerudi kulekule. Na akiizungusha mpaka "zima" huku mashine inaunguruma, anaweza kuunguza kifaa kinachobadili umeme wa mashine kuwa wa kuchaji. Njia ya pili, ambayo sisi tunaipendelea, ni relei inayopima volti, yaani swichi inayojifunga na kujiachia yenyewe. Mashine ikiwaka na betri yake ikafika karibu volti 13.3, relei inafunga na betri ya taa nayo inapata chaji. Mashine ikizimwa, volti zikashuka hadi karibu 12.8, inaachia yenyewe. Hakuna wa kumkumbusha. Swichi tunaiacha ipo kwa siku ya dharura, betri ya mashine ikigoma uazime kwa jirani yake.

Hapa ndipo wateja wengi wanapotukasirikia, maana relei si muujiza. Chukua taa sita za wati 10, ziwake kwa muda wa saa kumi. Hizo ni wati-saa 600, ambazo kwa volti 12 ni ampea-saa 50 (ampea-saa ndiyo kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Betri ya asidi ya ampea-saa 100 isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo hiyo hamsini ndiyo yote uliyokuwa nayo. Sasa mashine ndogo nyingi hutoa chaji ya ampea chache tu. Ikikupa sita, na safari ya kurudi mwaloni ni saa moja, umerudisha sita kati ya hamsini. Usiku wa pili unaanza na deni, wa tatu na deni juu ya deni. Ndiyo maana tunamwambia mtu anunue paneli ya sola kabla ya kufikiria betri nyingine. Paneli ya wati 200 yenye kontrola nzuri, yaani kifaa kinachoongoza chaji, jua letu la kiangazi likiwa halina mawingu, inalipa deni hilo mchana boti ikiwa imetulia. Masika hesabu hubadilika, na chaja ya umeme wa nyumbani inabaki kuwa rafiki.

Mwenye mashine ya kamba tu, isiyo na selfu, hahitaji mambo ya relei. Anunue betri moja nzuri ya taa na paneli, amalize.

Waya nao una maneno yake. Tumefungua boti zilizofungwa kwa waya wa nyumba, ule wa shina moja gumu. Mtikisiko wa mashine unaukata ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima, na fundi anaweza kutafuta kosa siku nzima. Botini unatakiwa waya wa nyuzi nyingi, na ukipata ule wa shaba iliyopakwa bati ni bora zaidi. Ni kweli ziwa letu ni maji baridi, halili shaba kama bahari ya Tanga, lakini unyevu ukikaa kwenye kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa plasta, baada ya masika utakuta kutu ya kijani. Unene pia upimwe. Taa zinazokula ampea 5, mita sita kutoka betri, kwa waya wa milimita za mraba 1.5 zinapoteza karibu volti 0.7 njiani. Kwa waya wa 4 ni robo ya volti hivi. Watu hulaumu taa kwa kufifia, kumbe mwanga umebaki kwenye waya.

Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Kazi yake ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Viwango vya boti vya Marekani vinasema isizidi inchi 7 kutoka kwenye kichwa cha betri, na sisi tunafuata hivyo. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, na tenki la petroli liko hatua mbili kutoka hapo. Betri ikae kwenye sanduku lenye matundu, ifungwe mkanda isihame mawimbi yakija.

Pampu ya kutoa maji botini ndiyo pekee tusiyoipitisha kwenye swichi: inakwenda moja kwa moja kwenye betri ya taa, na fyuzi yake. Mvua ikinyesha usiku boti iko peke yake kwenye mwalo wa Kibirizi, swichi imezimwa, pampu lazima iamke.

Wenye betri za lithiamu wasizifunge na za asidi kwa relei hii. Zinahitaji chaja maalumu katikati, na hilo tulizungumze dukani ana kwa ana.

Betri mbili za yule mzee tulizipima zikiwa zimepumzika tangu jana yake. Moja ilisoma 11.6, nyingine 12.1. Tulizichaji siku nzima. Ya pili ikapanda hadi 12.6 na kubaki hapo, ya kwanza ikarudi chini usiku huohuo. Mwenyewe alisema ile ilikaa stoo bila chaji miezi yote mitatu ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Betri ya asidi ikilala tupu muda wote huo, bamba zake hugandwa na chumvi ngumu isiyotoka. Kwa hiyo alinunua moja mbadala, relei, fyuzi na waya.

Ukija, njoo na idadi ya taa na wati zake, urefu wa kutoka betri hadi taa ya mwisho, na picha ya mashine upande wa nyaya. Njoo siku za mbalamwezi, wakati boti zimepumzika kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kazi inachukua siku moja, mbili kama kuna nyaya za zamani za kung'oa. Siku za giza zikikaribia foleni inakuwa ndefu na kila mtu anataka boti yake leo.